Ala ya babu: shajara ya bastola za boksi

27 Januari

Nimeanza rasmi. Juzi kule Temeke tulimaliza kugawana vitu vya babu, miaka mingi baada ya mwenyewe kutangulia. Kutoka kwenye sanduku la bati lililokuwa uvunguni mwa kitanda cha shangazi, mimi nimeambulia ala ya bastola. Ni ya ngozi, kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi. Kifuniko kimekakamaa kama ulimi wa kiatu kilichonyeshewa kikaanikwa juani. Kishikizo ni cha shaba. Ndani hamna kitu. Binamu zangu waligombania redio na cherehani, ala hakuna aliyeitolea macho.

Babu alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Mwaka 1944 alikuwa Bama (Burma) na ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoshuka na mvua bonde la Kabaw. Huko, tunavyosimuliwa nyumbani, alimtumikia afisa mmoja wa Kizungu: kumfulia, kumng'arishia viatu, kumbebea mizigo. Bastola ya Mzungu ilikwenda na Mzungu. Ala ilirudi na babu, na namna ilivyorudi hakuna anayeiulizia.

Swali la mradi ni hili: bastola gani ilikaa humu? Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, kwa hiyo nitalijibu kwa njia ninayoijua. Nitazichora bastola za kijeshi za zamani kwa ukubwa wake halisi, kila moja pamoja na mdogo wake, yaani ile iliyofupishwa. Nitabandika michoro kwenye boksi, nikate, nijaribishe moja moja kwenye ala. Kukusanya bastola zenyewe, za chuma, hilo halipo. Sheria ya silaha ya 2015 haina utani na asiye na kibali, na mke wangu ni mkali kuliko sheria. Masharti yake ni matatu: vipande visipakwe rangi, visitoke nje ya nyumba, na watoto wasivifanye mchezo. Nimeyakubali yote kabla hajafikisha la nne.

3 Februari

Vifaa vimetimia: karatasi za tresingi, penseli ngumu na laini, rula ya chuma, vernia (kipimo cha chuma cha milimita) niliyoazima kwa fundi mashine, na maboksi ya friji kutoka kwa jirani. Vipimo navitoa kwenye vitabu vya maelekezo vya majeshi yenyewe, vile vya zamani vilivyoskaniwa, na kwenye picha za makumbusho zilizopigwa ubavuni kabisa. Picha iliyopigwa kwa pembe kidogo tu haifai, inafupisha mtutu.

Leo nilipita mjini nikasimama kidogo pale kwenye Sanamu ya Askari. Imesimama pale tangu 1927, na miaka yote naipita bila kuitazama mikononi. Kashika bunduki yenye singe. Ndivyo ilivyokuwa: askari alipewa bunduki, bastola ilikuwa ya mwenye cheo. Keya wengi walipigana vita nzima bila kushika bastola hata ya kusafisha. Babu huenda aliishika mara nyingi kuliko wenzake, kwa sababu tu alikuwa boi wa mtu.

10 Februari

Jozi ya kwanza nimeamua iwe ya Wajerumani, kwa heshima ya mji huu wa Dar, uliokuwa chini yao zamani. Ni rivolva yao ya jeshi, modeli ya 1879, na mdogo wake wa 1883. Kwa ala ya babu hazihusiani hata kidogo, lakini nilitaka kupasha mkono moto.

Ya 1879 ina mtutu wa inchi 7 na kitu. Ya 1883 ni karibu inchi 5. Tofauti yao kubwa iko hapo kwenye mtutu, mengine karibu yote ni yale yale: risasi sita za milimita 10.6, nyundo ya kuvutwa kwa dole gumba kila unapotaka kupiga, kijilango cha kupakilia upande wa kulia. Cha ajabu ni kwamba haina kitu cha kutolea maganda. Ukimaliza sita, unayasukuma moja moja kwa kijiti ambacho hata hakikufungwa kwenye bastola, kinakaa kwenye mfuko wa risasi. Nilipokuwa nachora nilijikuta namhurumia mtu aliyeko porini usiku anayetafuta kijiti kwa kupapasa.

Ndefu ilikuwa ya mpanda farasi, fupi ya ofisa na mtembea kwa miguu. Farasi anabeba ala kwenye tandiko, urefu haumsumbui mtu. Anayetembea, mtutu mrefu unampiga pajani kila hatua, na akikaa kitini unainua kitako mpaka mbavuni. Nimejaribu na rula ya sentimita 30 niliyoichomeka mkandani, ni kweli kabisa.

18 Februari

Luger. Hii imenila wiki nzima, na sijutii.

Wengi wanaijua ile ya kawaida, P08, iliyopokelewa na jeshi la Ujerumani mwaka 1908: mtutu milimita 100, urefu wote 222. Mchoro wake unatambulika hata kwa kivuli kwa sababu kitako kimelala nyuma sana, kama mtu anayeegemea ukuta. Kuna ya wanamaji, mtutu 150, iliyotangulia mwaka 1904. Kuna ya askari wa mizinga, mtutu 200, yenye kitako cha ubao cha kuchomeka nyuma ili uipige kutoka begani. Nimezichora tatu juu ya karatasi moja, na jambo nililokuwa sijalifikiria likajitokeza: kutoka nyuma hadi kwenye triga zinafanana karibu kila kitu. Mtengenezaji alibadilisha mtutu na kilengeo tu. Kumbe ile tunayoiita "ya kawaida" ndiyo fupi, na wakubwa zake wamerefushwa kwa kazi maalumu.

Chombo kinachofunga nyuma ya risasi ni goti. Sina neno bora. Bastola ikiwa tayari, goti limenyooka, na mguu ulionyooka ukiusukuma kutoka unyayoni haukunjiki. Risasi ikipigwa, mtutu na goti vinarudi nyuma pamoja kidogo, kisha vile vifundo viwili vya mviringo vinagonga mteremko kwenye fremu, goti linakunjwa kwenda juu, ganda linaruka. Georg Luger aliirithi fikra hiyo kutoka kwa Hugo Borchardt, ambaye bastola yake ya 1893 ilikuwa nzuri kwenye karatasi na kubwa kama kona ya meza. Nimechora goti mara nne. Mara ya nne binti yangu aliliangalia akasema, "Baba, huyu panzi."

Nimeibandika ukutani mchoro wa panzi.

2 Machi

Hasara. Nilipeleka michoro minane ichapishwe, safari hii moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, maana mkono ulishachoka. Steshenari moja mjini, sitaitaja. Nimerudi, nimebandika, nimekata yote minane kwa kisu cha ofisini, saa tatu nzima, mpaka kidole cha shahada kikaota lengelenge. Kipande cha kwanza kuingiza kwenye ala kikawa kinacheza mle ndani kama njugu ndani ya kopo.

Kijana alichapisha kwa kile kipengele cha kutosheleza karatasi. Mstari wangu wa vipimo, ulioandikwa milimita 100, kwa rula ulikuwa 96. Bastola zote nane zimepungua nne kwa mia, na kila mfupi amekuwa kijukuu. Na mimi ndiye niliyeuweka ule mstari pale kwa kazi hiyo hiyo, halafu sikuupima kabla ya kukata. Kwa ramani za nyumba nisingefanya kosa hilo hata nikiwa na homa.

Vipande nimevitupa jikoni. Mke wangu amewashia mkaa Luger.

9 Machi

Nimerudia uchapaji mahali pengine. Nimepima mstari palepale kaunta, 100 kamili. Mwenye duka alinitazama nilivyotoa rula ya chuma mfukoni akadhani mimi ni wa vipimo vya serikali.

Jozi ya leo ni Walther PP na PPK. PP ya 1929 ni ya polisi wenye sare: urefu 170, mtutu 98, risasi nane za milimita 7.65. PPK iliyoifuata muda mfupi baadaye ilitengenezwa kwa mpelelezi anayevaa kiraia: urefu 155, mtutu 83, risasi saba. Nimezipanga moja juu ya nyingine kwenye tresingi, nikazishika kwenye kioo cha dirisha jua likiwa nyuma. Mtutu umepungua milimita 15 na urefu umepungua 15 vile vile, hesabu safi. Lakini kinachoificha bastola kwenye koti si mtutu. Mtutu umeingia ndani ya suruali, nani anauona? Kinachochomoza ni kitako, na hapo ndipo walipofanya kazi ya kweli. Kitako cha PPK kimekatwa chini, na sehemu ya chuma iliyokuwa nyuma ya kiganja imeondolewa, mahali pake kipande kimoja cha plastiki kinazunguka kutoka ubavu hadi ubavu.

Hapa ndipo nilipoanza kuamini kwamba kufupisha si kukata. Ukikata mtutu tu umepata bastola ileile yenye kisirani zaidi. Anayefupisha vizuri anaanza kwa kujiuliza itabebwa wapi.

Kichekesho cha jozi hii kiko Marekani. Sheria yao ya silaha ya 1968 iliwekea bastola zinazoingizwa nchini vipimo na alama, na PPK ikaanguka kwa kimo. Walther wakachukua fremu ya PP, wakaiwekea juu slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma risasi ikipigwa) na mtutu wa PPK, wakaiita PPK/S, ikapita forodhani. Mtu amevaa viatu vya kisigino ili afike kwenye mstari wa mlangoni.

14 Machi

Umeme hakuna tangu saa kumi na mbili. Sijafanya lolote.

23 Machi

Mauser C96, ya mwaka 1896, na mdogo wake aitwaye Bolo. Mtutu 140 kwa 99. Jina la Bolo limetokana na Wabolsheviki, walioinunua kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ala yake ni ya mbao na ndiyo hiyo hiyo kitako cha begani, kwa hiyo ya babu haiwezi kuwa hii. Nimechora haraka, nimekata, nimeweka pembeni. Ni nzito mbele mpaka mchoro wenyewe unaonekana unaanguka.

30 Machi

FN za Ubelgiji, modeli ya 1910 na ya 1922, zote fikra za John Browning. Nimezipenda kwa sababu zinakwenda kinyume na mradi mzima: hapa mdogo ndiye aliyezaliwa kwanza. Ya 1910 ni ya mfukoni, milimita 153, springi yake imeuzunguka mtutu kama soksi. Ndiyo aina aliyokuwa nayo Gavrilo Princip kule Sarajevo mwaka 1914. Baadaye Yugoslavia ikataka bastola ya jeshi, ndefu zaidi na yenye risasi nyingi zaidi. Kiwanda hakikuanza upya. Mtutu ulirefushwa, kitako kikaongezwa risasi mbili, na slaidi ile ile fupi ikavishwa kofia mbele, kipande kinachoingia kwa kuzungushwa na kufungwa kwa kilatchi kidogo. Ukiiangalia ubavuni unauona mshono. Ni kama nyumba ya Kinondoni iliyoongezwa chumba mbele: paa jipya halikukutana sawa na la zamani, na mchora ramani hajifichi.

7 Aprili

Masika imeshika. Barabara ya Jangwani maji yamejaa, sikwenda kazini siku mbili. Nimeifungua ala nikakuta ukungu, madoa ya kijivu kama vumbi la unga, kote ndani ya kifuniko. Dar hii ngozi haihifadhiwi ndani ya mfuko wa plastiki, na mimi ndivyo nilivyofanya, kwa mapenzi.

Nilimpelekea fundi viatu wa Magomeni. Aliinusa kwanza, akaikunja kidogo sikioni kusikiliza kama inalia, ndipo akaongea. "Mzee, hii umeikaanga." Maana yake nilikuwa nimeipaka mafuta mengi mno mwezi wa pili. Mafuta yakizidi, ngozi inalegea, na nyuzi za mshono zinaoza. Alifuta ukungu kwa kitambaa kikavu, akaianika kivulini penye upepo, kamwe si juani, na akakataa katakata kubadilisha uzi wa zamani. "Ukishatia uzi wangu inakuwa yangu." Alinitoza elfu tatu.

Yeye ndiye aliyenionyesha jambo ambalo miezi mitatu sikuliona. Aliingiza kidole gumba chini ya mkunjo wa kifuniko akaniambia niguse. Kuna kishimo, kama punje ya haragwe imebonyea kwa ndani, na pembeni yake mkwaruzo wa kutu. "Kitu kimekaa hapa miaka, kichwa chake kikigusa."

Nimerudi nyumbani kwa bajaji nikicheka peke yangu.

13 Aprili

Siku ya kujaribisha. Ala ina milimita 270 kutoka nchani hadi kwenye mkunjo. Nimeita mashahidi: mke wangu, ambaye alikaa dakika tano, na binti, ambaye alikaa mpaka mwisho na kuandika matokeo.

Luger inaelea. Colt ya 1911 yenye mtutu wa inchi 5 inaingia ila inabaki na nafasi kubwa ubavuni, na mdogo wake Commander, aliyepunguzwa mtutu hadi inchi nne na robo na kupewa fremu ya aluminiamu baada ya jeshi la Marekani kutaka bastola nyepesi ya maofisa, anaipata nafasi zaidi. Huyo hata hivyo alizaliwa baada ya Bama, nilimwingiza kwa udadisi.

Ikabaki familia ya Waingereza. Webley Mk VI ya 1915, ile kubwa ya .455 (upana wa risasi kwa inchi), ina milimita 286 na zaidi ya kilo moja. Niliisukuma, nikaigeuza, kifuniko hakikukaribia kishikizo. Sasa Enfield No. 2 ya 1932. Baada ya vita ya kwanza Waingereza waliona .455 inamshinda kurutu aliyefunzwa kwa haraka, inampiga teke kabla hajaizoea, wakashuka hadi .38, mtutu inchi 5, urefu 260, uzito chini ya gramu 800. Huyu ndiye mdogo wa Webley hasa, wamefanana mpaka pale inapokunjika katikati na kutema maganda yote sita kwa mara moja. Wamefanana kiasi kwamba kampuni ya Webley ilidai jasho lake kwa serikali, na mwishoni ikapata pauni 1,250.

Kipande cha Enfield kiliingia. Kifuniko kilifunga. Binti aliandika NDIYO kwa herufi kubwa na kupigia mstari.

Na kile kishimo? Mwaka 1938 ilitoka Enfield yenye nyundo isiyo na kidole, laini nyuma. Inasemekana ilikuwa kwa ajili ya watu wa vifaru, maana kidole cha nyundo kilinasa kwenye vitu wakati wa kuingia na kutoka. Nyundo laini haiwezi kubonyeza kishimo kama hiki. Kwa hiyo ya Mzungu wa babu ilikuwa na kidole: ama Enfield ya mwanzo, ama Webley Mk IV ya .38 ambayo kwa ala ni kitu kilekile. Nimechora kidole cha nyundo kwa vernia, nimekiweka juu ya kishimo. Tofauti ni milimita 6. Nimesema moyoni ngozi inasinyaa.

Mradi umekaribia kufungwa. Leo nalala usingizi.

20 Aprili

Nilikwenda Temeke na ala, na mchoro wa Enfield nikiwa nimeukunja ndani ya gazeti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huyo mkeo anakulisha michoro?"

Nikamweleza yote, Bama, inchi 5, kidole cha nyundo, kishimo. Alisikiliza huku akichambua mchele, bila kuinua uso. Nilipomaliza akanyosha mkono, akaipokea ala, akaipindua, akatia kidole palepale kwenye kishimo bila kutafuta.

"Hapa ni spana."

"Spana gani shangazi?"

"Spana malaya ya baba. Alikuwa fundi baiskeli pale Keko mpaka macho yalipomkataa, wewe hujui? Kila asubuhi anaifunga hii kiunoni, spana ndani. Bastola! Huyo Mzungu alimpa mfuko mtupu, akasema ni zawadi. Baba alikuwa akisema, zawadi ya mfuko mtupu ujazie mwenyewe."

Akarudi kwenye mchele wake. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Miaka isiyopungua 20 ya spana ndani ya ala, kila siku ya Mungu, na mimi nimesoma alama zake nikaona vita.

21 Aprili

Mtaa wa Gerezani, kwa wauza spana, asubuhi mapema kabla ya jua. Nilimweleza muuzaji ninachotaka, ya zamani, ya chuma kizito, si hizi mpya zinazoachia taya. Akachimbua kwenye ndoo akatoa spana malaya ya inchi 10. Niliipimia palepale kwa vernia, 253. Niliitoa ala kwenye mfuko, nikaitumbukiza mkia chini, kichwa juu. Kifuniko kilishuka chenyewe na kishikizo kikaingia. Taya ya juu ilikaa ndani ya kishimo bila milimita moja kubaki.

"Elfu kumi na mbili," akasema. "Na mdogo wake ninaye, wa inchi 6. Huyu anaingia mfukoni kabisa."

Nimechukua zote mbili. Mchoro wa kumi na tisa, jozi ya kumi, naanza leo usiku.